Boti za Mita 9 na Mkono wa Fundi

Ukiniuliza boti ya kabini ya mita 9 inauzwaje, nitakuuliza kwanza: mita 9 kutoka wapi hadi wapi? Huku Southampton, ambako nimefanya ufundi wa injini za boti sehemu kubwa ya maisha yangu, urefu hupimwa kwa namna tatu, na kila namna ina mwenye faida nayo. Upo urefu wa jumla, unaohesabu kila kilichochomoza: ncha ya nanga kule omo, ubao wa kuogelea kule tezi, na injini za nje zilizoning'inia nyuma. Upo urefu wa bodi yenyewe. Na upo urefu wa pale bodi inapokaa majini, ambao ndio unaoamua kasi ya chombo kinachokata maji bila kupanda juu yake. Muuzaji anaupenda ule wa kwanza kwa kuwa unasikika vizuri. Marina nayo inaupenda, kwa kuwa inatoza kwa mita, pauni mia kadhaa kwa kila mita kwa mwaka. Lakini watu hulala ndani ya ule wa pili, na katika boti za mwendo wa polepole mafuta huliwa kwa kufuata ule wa tatu.

Nambari iliyochorwa ubavuni haisaidii sana. Mara nyingine ni urefu kwa futi, mara nyingine ni sentimita zilizokadiriwa, mara nyingine ni jina tu. Nimeona boti mbili zenye nambari moja zikitofautiana karibu mita nzima zilipolazwa gati moja.

Haya yote yalinirudia mwaka ambao shemeji yangu na wenzake wawili waliamua kununua boti kwa ubia. Walikuwa wametoka kwenye maonyesho ya boti ya Southampton, yale yanayofanyika kila Septemba pale Mayflower Park, wakaja nyumbani na jedwali walilolichora kwa mikono yao. Bei, urefu, idadi ya vitanda, choo, friji, jiko, propela ya omo ya kusaidia kuegesha, kiyoyozi, televisheni. Kila boti ilipata alama ya vema kwa kila kitu ilichonacho, na yenye vema nyingi ndiyo iliyoandikwa juu kabisa.

"Shemeji, hii ina kila kitu," akaniambia.

"Kila kitu kina uzito, shemeji," nikamjibu. Akadhani nakwepa.

Nimezaliwa Tanga, na ufundi nilianzia huko huko, pale Deep Sea, kwenye mashua na boti za uvuvi zilizofungwa mashine za Lister na Yanmar. Pale hakuna aliyeanza kuuliza urefu. Mtu aliuliza chombo kinabeba tani ngapi, kinakaa maji kiasi gani, nani kakiunda, na mashine imewekwa wapi. Swali hilo la mwisho lilikuwa letu sisi mafundi. Mashine ikizima katikati ya Tanga na Pemba, na kusi linavuma, umebaki wewe na spana na nafasi ya kupitisha mkono. Kama nafasi haipo, spana haina kazi. Nimekaa Uingereza miaka mingi, nimeona boti za kila bei, na bado sijapata kipimo kilicho bora kuliko hicho. Katika jedwali la shemeji hakikuwa na safu, na hakimo katika jedwali lolote la muuzaji.

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaozaa bei. Boti ikirefushwa kwa umbo lile lile, huongezeka upana na kina pia. Kwa hiyo chombo cha mita 10 kina ujazo unaozidi ule wa mita 9 kwa zaidi ya theluthi moja. Kinahitaji faiba zaidi, injini kubwa zaidi, tangi kubwa zaidi, rangi zaidi ya chini kila majira ya kuchipua, na winchi kubwa zaidi ya kukipandisha nchi kavu. Anayedhani anaongeza mita moja tu anaongeza theluthi ya ujazo, na huendelea kuilipia kila mwaka.

Upana watu huupita haraka, na mimi naona ndio unaotenganisha boti za daraja hili. Jeanneau Merry Fisher 895 ya Kifaransa, ambayo shemeji aliipenda sana, ina urefu wa jumla wa mita 8.9 na upana unaokaribia mita 3. Grand Banks 32, boti ya zamani ya mwendo wa polepole iliyoanza kuundwa kwa mbao mwaka 1965 na kwa faiba tangu 1973, ina mita 9.7 kwa takriban mita 3.5. Nusu mita hiyo, ukisimama ndani, ni tofauti ya watu wawili kupishana vizuri na mmoja kulazimika kuketi ili mwenzake apite. Kule Marekani wapo waundaji, kama wale wa Ranger Tugs R-27, wanaosimama kwenye futi 8 na inchi 6, kama mita 2.59, kwa sababu boti ikizidi hapo haiwezi kuvutwa barabarani kwa trela bila kibali maalumu. Upana wake umeamuliwa na barabara kuu. Kwa mwenye kuhama na boti yake kutoka ziwa hadi ziwa, huo ni uamuzi wa busara. Kwa mtu atakayeifunga marina mwaka mzima, ni kulipa gharama ya safari za barabarani ambazo hatasafiri.

Hiyo Merry Fisher ina jambo moja nililolipenda kwa dhati. Nyumba ya usukani haikuwekwa katikati; imesogezwa kushoto, ili upande wa kulia upatikane ujia mpana wa kupita hadi omo, na pembeni ya nahodha kuna mlango wake. Mtu aliyewahi kuegesha boti peke yake huku upepo unamsukuma mbali na gati anajua thamani ya mlango huo. Unaachia usukani, unatoka hatua moja, kamba iko mkononi. Katika jedwali hapakuwa na vema kwa mlango. Televisheni ilikuwa nayo.

Jumamosi moja tulikwenda kuona boti tatu za mtumba, na dada yangu akaja. Ya kwanza ilikuwa boti ya Kimarekani ya michezo, nyeupe, yenye viti vya ngozi bandia na injini ya petroli ya V8 ndani, na mguu wa kuendeshea ukitoka nje nyuma. Tangazo lilisema vitanda vinne. Wanaume tulisimama juu tukizungumzia kasi. Dada akavua viatu, akatambaa hadi kwenye kile kitanda cha pili kilicho chini ya sakafu ya nyuma, akalala chali, akainua mkono. Kiwiko hakikunyooka. Juu ya uso wake palikuwa na sakafu ambayo sisi tulikuwa tumesimama juu yake.

"Kaka," akaniita kutoka humo ndani, "mtu akitaka kugeuka humu lazima atoke kwanza."

Kisha akaingia chooni, akafunga mlango, akaketi, akajaribu kusimama. Akauliza tangi la choo linachukua lita ngapi na linamwagwa wapi, swali ambalo dalali hakuwa na jibu lake. Katika muda wa dakika chache alikuwa amepima boti ile vizuri kuliko sisi sote. Ilikuwa boti ya watu wawili kulala na watu wanane kunywa soda, na kwa kazi hiyo ilikuwa nzuri. Wao walikuwa familia tatu zenye watoto.

Mimi zamu yangu ilikuwa kuinua kifuniko cha injini. V8 ni injini pana, na bodi pale nyuma si pana vya kutosha, kwa hiyo mabomba makubwa ya kutolea moshi yalikuwa vidole viwili tu kutoka ukutani. Mabomba hayo ya chuma cha kusubu hupozwa kwa maji ya bahari, na chumvi huyala kutoka ndani. Mafundi wengi hapa hutarajia kuyabadilisha kila miaka mitano hadi saba. Yakitoboka upande mbaya, maji huingia ndani ya silinda na injini imekwisha. Halafu kuna mivukuto ya mpira inayoziba pale mguu unapopenya bodi. Baadhi ya watengenezaji hushauri ibadilishwe kila miaka miwili, na kazi hiyo haifanyiki boti ikiwa majini. Ikipasuka, boti huzama gatini, mwenyewe akiwa kazini mjini. Dalali alisisitiza kwamba injini ina saa chache sana. Kwa injini ya petroli ya baharini, mimi hiyo sioni kuwa ni sifa. Injini iliyosimama miaka huku chumvi imelala ndani yake huoza kuliko ile inayotembezwa kila wiki na kusuuzwa.

Hebu nieleze kipande kimoja tu ili ueleweke mkono ninaousema. Ndani ya pampu ya maji ya bahari kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinatoshea kiganjani. Bei yake ni makumi machache ya pauni. Kinapaswa kubadilishwa kila msimu, maana mabawa hukakamaa na kukatika, na yakikatika injini huchemka katika dakika chache. Katika boti ya pili tuliyoiona siku ile, niliinama, nikafungua skrubu za kifuniko, nikakivuta, nikakitazama, nikakirudisha, na shati langu likabaki safi. Katika ile ya kwanza ningelala kifudifudi juu ya injini, kichwa chini, nikipapasa nisichokiona, na kwanza ningetoa tangi la maji ya moto lililobanwa mbele yake. Tangi hilo lilikuwa mojawapo ya vema za jedwali. Mwenye boti ya namna hiyo hatafanya kazi hiyo mwenyewe. Atamwita fundi anayelipwa kwa saa, au ataiahirisha, na wengi huahirisha. Boti ninazoitwa kwenda kuziokoa Solent, mlango wa bahari wa huku kwetu, wikiendi za Agosti mara nyingi haziharibiki kwa kukosa ubora, bali kwa vipande vidogo ambavyo hakuna mkono uliovifikia kwa miaka.

Injini za nje, kama zile za Merry Fisher, zimeliondoa tatizo hili kwa sehemu kubwa. Unavua kofia, kila kitu kiko mbele yako. Ukimaliza safari unaziinua, miguu inatoka kwenye chumvi. Unaziunganisha bomba la maji baridi na kuzisuuza. Ndani ya boti panabaki nafasi ambayo zamani ilikuwa ya injini. Ndiyo maana katika daraja hili zimeenea kasi. Lakini zinataka petroli, na kando ya Solent vituo vya majini vinavyouza petroli ni vichache kuliko vya dizeli. Mwenye dizeli ana unafuu mwingine wa hapa Uingereza: dizeli nyekundu. Sheria inataka alipe kodi kamili kwa mafuta ya kusukuma boti, lakini si kwa yale ya hita na umeme, na desturi ni kutamka asilimia 60 kwa 40. Unatia saini pale pale kwenye pampu.

Kasi tuliijadili jioni nzima. Boti inayokata maji, yenye mita 8 hivi pale inapokaa majini, haina haja ya kusukumwa zaidi ya maili 7 za bahari kwa saa. Ukiongeza nguvu inachimba tu shimo nyuma yake na kunywa mafuta. Kwa mwendo huo injini ya dizeli ya farasi 120, kama zilizofungwa katika Grand Banks 32 nyingi, hunywa lita 7 au 8 kwa saa, kama lita moja kwa maili. Boti ya V8 inayoruka juu ya maji kwa maili 22 kwa saa hunywa hamsini na kitu, mbili na nusu kwa maili au zaidi. Ukitazama hesabu hiyo peke yake utasema polepole imeshinda. Lakini pale Hurst, mlango mwembamba wa magharibi wa Solent, mkondo wa maji ya bamvua hupita maili 4 kwa saa. Boti ya maili 7 ikiupinga hubaki na 3. Mwenye boti hiyo anapanga siku yake kwa kupwa na kujaa, na akipanga vizuri anasukumwa bure kwenda na kurudi. Kwetu sisi tuliokua Tanga hilo si geni. Kwa mtu anayetoka kazini Ijumaa saa moja jioni na lazima arudi Jumapili, maji hayamsubiri. Shemeji yangu huendesha lori na ratiba yake hubadilika kila wiki. Kwa ajili yake boti za polepole niliziweka pembeni kabisa, ingawa moyo wangu upo huko.

Kuna alama moja ninayowaambia wote waisome kabla ya kusoma bei. Tangu 1998 kila boti mpya ya starehe inayouzwa Ulaya lazima iwe na kibao chenye herufi: A, B, C au D. B ni ya kuhimili upepo hadi nguvu 8 na mawimbi hadi mita 4. C ni nguvu 6 na mita 2. Karibu na herufi pameandikwa idadi ya watu, na boti ile ile inaweza kuwa B kwa watu wachache na C kwa wengi zaidi. Tangazo huandika herufi ya juu na idadi ya juu, kana kwamba zinakwenda pamoja. Kibao husema ukweli.

Na bei yenyewe? Ya boti mpya kwenye maonyesho ni bei ya kuanzia, na ukiuliza utakuta mara nyingi haijaweka kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20, wala usafirishaji, wala rangi ya chini, wala mashine ya nanga, na wakati mwingine hata injini unayoihitaji kweli. Ya boti ya mtumba ina mtego mwingine: omba ushahidi kwamba kodi ililipwa zamani, maana ukikosa ni tatizo lako siku ya kuuza. Halafu weka pembeni, kila mwaka, kama asilimia kumi ya bei kwa gati, bima, kupandisha na matengenezo. Hiyo ni kanuni ya watu wa gati, na kwa boti kuukuu inaweza kuzidi. Familia tatu zenye uwezo wa kuchanga pauni elfu hamsini hazitafuti boti ya elfu hamsini. Zinatafuta ya arobaini, na elfu kumi zinazobaki ni sehemu ya boti.

Walichagua ile ya pili, ambayo nilikitoa na kukirudisha kigurudumu chake bila kuchafua shati: boti iliyoundwa Uingereza miaka ya 1990, dizeli moja na shafti iliyonyooka, upana unaozidi mita 3, mwendo wa maili 12 kwa saa ikisukumwa. Ya tatu, yenye sitaha ya msaji, dada aliipenda kwa uzuri wake. Lakini mbao za msaji za zamani hushikwa kwa mamia ya skrubu zinazopenya faiba, na kila skrubu ni njia ya maji kwenda kwenye mbao laini zilizo katikati ya sitaha. Nilipokanyaga karibu na kabini, pakabonyea.

Hiyo waliyoichagua ilipandishwa nchi kavu, mkaguzi wa boti akaja na nyundo yake ndogo na kipima unyevu. Niliandamana naye nikimshikia taa. Anagonga, anasikiliza, anasogea kiganja kimoja, anagonga tena. Faiba nzima hulia kwa sauti kavu, iliyoachana hujibu kwa sauti nzito. Bodi ilikuwa nzima. Chini ya jiko alikwaruza valvu mbili za kuingizia maji kwa kisu, na chini ya uchafu shaba ikatokea rangi ya waridi. Rangi hiyo inamaanisha zinki imeliwa na bahari, na kilichobaki huvunjika kwa kupigwa teke. Valvu moja ikivunjika, kuna tundu bodini. Dalali alikuwa ametangaza pauni 42,000. Kwa ripoti ile mkononi walifunga kwa 38,500, na valvu zote nikazibadilisha kabla boti haijarudi majini.

Sasa ubishi wao ni wa vifaa vipya. Mmoja anataka jenereta na kiyoyozi. Nimewapigia hesabu: jenereta ndogo na vifaa vyake huzidi kilo mia, mahali pekee panapotoshea ni kando ya injini, na pakijaa hapo mkono hautapita tena. Dada alitaka hita ya dizeli, kitu kidogo kinachokaa kwenye kabati la nyuma na kupuliza hewa kavu yenye joto hadi vitandani. Tuliifunga majira ya kuchipua. Mwaka huo walilala Yarmouth, ng'ambo ya Solent, hadi mwisho wa Oktoba, wakati boti nyingi za jirani zimekwisha kufunikwa maturubai tangu Septemba.